Sheria kali, timu makini au mfumo mwepesi: usalama kazini uanzie wapi?

Hapa Dodoma, ukikabidhiwa usalama wa karakana pale Kizota, kiwanda cha mvinyo, hospitali au mradi wa ujenzi kule Mtumba, utapata ushauri wa aina tatu. Wa kwanza: andika sheria, kagua, adhibu. Wa pili: jenga timu ambamo hata aliyeanza kazi jana anaweza kusema "simama" na kazi ikasimama. Wa tatu: usihangaike na tabia za watu, badili mtambo au mpangilio wa kazi ili kosa likitokea lisifike mbali. Wote watatu wana hoja. Tatizo ni kwamba bajeti na muda wa watu havitoshi kuanza na vyote kwa pamoja.

Ninaziweka njia hizi bega kwa bega nikiwa na msimamo. Kabla hujachagua, jiulize maswali mawili. Jambo likiharibika, mna muda gani kabla halijawa msiba? Na mtu wa chini kabisa katika kazi hiyo anaweza kusema bila kupoteza riziki yake? Swali la kwanza litakuonyesha uzito wa kuweka kwenye mtambo. La pili litakuonyesha kama hiyo timu unayotaka kuijenga inawezekana kwa watu ulionao.

Ajali moja, njia tatu

Dodoma huwezi kuzungumzia usalama wa mifumo mikubwa ukairuka Igandu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma kwenye mteremko bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa kwenye njia hiyohiyo. Watu 281 walikufa. Hakuna ajali ya reli iliyoua wengi kiasi hicho katika historia ya nchi yetu, na zipo familia Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza ambazo tarehe hiyo haijawahi kuwa ya kawaida tena.

Miaka 11 baadaye, upande wa pili wa dunia, treni nyingine iliponyoka kwenye mteremko. Huko wachunguzi waliandika kila hatua hadharani, kwa hiyo tunaweza kuzipima njia zetu tatu juu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, treni yenye matangi 72 ya mafuta ghafi iliegeshwa juu ya mwinuko karibu na mji wa Lac-Mégantic, jimbo la Quebec, Kanada. Dereva alikuwa peke yake. Alifunga breki 7 za mkono, akaacha kichwa kimoja kinaunguruma ili kiendelee kusukuma hewa ya breki, akaenda kulala hotelini. Kichwa hicho kikashika moto, zimamoto wakakizima, na injini yake ikazimwa pamoja na moto. Hewa ikaanza kuvuja polepole kwenye mabomba ya breki. Saa moja haikupita, treni ikaanza kuteremka yenyewe kuelekea mjini. Watu 47 walikufa.

Mashtaka yalifunguliwa dhidi ya wafanyakazi watatu, na Januari 2018 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Bodi ya Usalama wa Usafirishaji ya Kanada iliandika sababu 18, na nyingi kati ya hizo zilianza muda mrefu kabla dereva hajapanda treni usiku ule.

Zitazame kwa jicho la kila njia. Sheria ilikuwepo: baada ya kufunga breki za mkono, dereva ajaribu kama zinashika. Alijaribu, lakini breki za hewa za vichwa zilikuwa bado zimefungwa, kwa hiyo jaribio likampa jibu la uongo. Mkaguzi wa serikali alizijua kasoro za kampuni ile na hakuzifuatilia hadi mwisho. Upande wa timu, dereva alisema: alitoa taarifa kwamba kichwa kinatoa moshi, ikakubaliwa kisubiri hadi asubuhi. Moto ulipotokea alipelekwa msimamizi wa njia ya reli, mtu asiyezijua injini za dizeli, huku anayezijua akiwa kitandani. Upande wa mpangilio, pembeni ya pale palikuwa na njia ya kuegeshea yenye kifaa cha kuangusha behewa linaloanza kuserereka lenyewe. Njia hiyo ilikuwa imejaa mabehewa yaliyohifadhiwa, kwa hiyo treni ya mafuta ikaegeshwa kwenye njia kuu, mteremkoni.

Kwa hiyo njia zote tatu zilikuwa na nafasi ya kuwaokoa wale 47. Kinachotofautiana ni kila moja ilihitaji nini ili ifanye kazi. Sheria ilihitaji mtu mmoja, aliyechoka, usiku, asikosee. Timu ilihitaji mtu wa pili mwenye ujuzi na ruhusa ya kuamka. Njia ya kuegeshea ilihitaji uamuzi mmoja tu, mchana, ofisini, wa kuhamisha mabehewa.

Sheria, ukaguzi na adhabu

Njia hii ndiyo tunayoizoea. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, tunao OSHA wanaosajili na kukagua sehemu za kazi, na tunao LATRA kwa vyombo vya usafiri wa ardhini. Hapo ni sakafu, huruhusiwi kushuka chini yake.

Inafaa sana pale hatari inapojulikana, mpaka wake unapimika, na kinachowavuta watu kuuvuka ni pesa. MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228. Jambo kama hilo halihitaji semina ya utamaduni wa usalama. Linahitaji mtu wa kuhesabu vichwa getini, mwenye mamlaka ya kuzuia chombo kisiondoke, na adhabu inayouma kwa anayepuuza. Mwendo wa mabasi ni hivyohivyo: kifaa cha kufuatilia basi kilichofungwa chini ya usimamizi wa LATRA hakimuonei dereva aibu wala hakina undugu naye.

Udhaifu wake huonekana pale hatari isipojulikana bado. Adhabu inaweza kumzuia mtu asifanye kosa analolijua, lakini pia inamfundisha kuficha kosa ambalo wewe hulijui. Fundi aliyefunga vali kinyume, akagundua mwenyewe na kurekebisha kabla hakijaharibika kitu, ana habari ya thamani kuliko ripoti ya ukaguzi wa mwaka mzima. Ukimkata mshahara, umeinunua habari ile mara moja na hutaipata tena, si kwake wala kwa wenzake waliokuwa wanatazama. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kiwandani kifo huwaumbua na wengine ambao hawakuficha chochote.

Wamarekani walilitatua hili katika urubani mwaka 1976 kwa namna inayofaa kuigwa. Taarifa za makosa ya marubani na waongoza ndege hazipelekwi kwa mamlaka inayoadhibu. Zinapokelewa na NASA, shirika lao la anga za juu, chombo kisicho na mamlaka juu ya leseni ya mtu, ambacho huondoa majina na kusambaza somo. Rubani anayejieleza ndani ya siku 10 kwa kosa lisilo la makusudi wala la jinai husamehewa adhabu. Kwa kiwanda cha Dodoma hii haihitaji NASA. Inatosha taarifa za "nusura ajali" zisipite kwa ofisa rasilimali watu wala kwa anayesaini mishahara.

Timu makini

Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akina Todd La Porte, Karlene Roberts na Gene Rochlin, walienda kutazama sehemu ambazo kwa hesabu za kawaida zingekuwa na ajali kila wiki lakini hazina: meli za kivita zinazobeba ndege, vituo vya kuongoza ndege, mtambo mmoja wa nyuklia. Walikuta mambo yanayofanana. Cheo kinaheshimiwa siku za kawaida, lakini hatari ikijitokeza uamuzi unashuka kwa anayeijua kazi, hata akiwa mdogo. Na habari mbaya zinapanda juu haraka kuliko habari njema.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha meli USS Carl Vinson. Baharia mmoja wa chini alipoteza kifaa cha kazi kwenye uwanja wa kurukia ndege, akatoa taarifa. Kifaa kidogo kikifyonzwa na injini ya ndege kinaua. Ndege zilizokuwa angani zikaelekezwa kutua nchi kavu hadi kifaa kilipopatikana. Kesho yake baharia huyo alipongezwa mbele ya wenzake. Sasa fikiria jambo hilo kwenye mradi wako: kibarua anasema amepoteza spana ndani ya mtambo, kazi inasimama nusu siku, na kesho yake anapigiwa makofi. Kama hilo haliwezekani kwako, njia ya pili bado hujaianza, hata kama mabango yamejaa ukutani.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umetoka karibu na sisi. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara. Nyingine zilikuwa London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, New Delhi na Amman. Orodha ina vipengele 19, na kimojawapo hakihusu dawa wala kisu: kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Halafu jimbo la Ontario, Kanada, likaamua kuisukuma orodha hiyo katika hospitali zake. Matokeo ya hospitali 101 yalichapishwa mwaka 2014: hospitali ziliripoti kwamba orodha inatumika karibu kwa kila mgonjwa, lakini vifo vilitoka asilimia 0.71 kwenda 0.65, tofauti ndogo ambayo haiwezi kutenganishwa na bahati. Wapo wanaobisha kwamba miezi mitatu ya kipimo ilikuwa michache, na wana haki ya kubisha. Mimi naisoma hivi: karatasi ilisafiri vizuri, ila mazungumzo ambayo karatasi ile iliundwa kuyaanzisha si lazima yasafiri nayo. Muuguzi anaweza kuweka tiki zote 19 bila mtu kumtazama daktari usoni.

Hapa ndipo penye ugumu wetu, na lazima tuuseme wazi. Tumelelewa kumwamkia mkubwa kwanza, na ni jambo jema. Lakini msaidizi anayeona mkubwa wake anakosea hutafuta maneno laini mpaka maana inapotea: "mzee, sijui kama pale pako sawa." Hili si la Kiafrika peke yake. Kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ndani ya ukungu, mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama ndege ya Pan American imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Nahodha, mmoja wa wakufunzi wakuu wa shirika, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakusisitiza. Ndege hizo mbili zikagongana, watu 583 wakafa.

Heshima haihitaji kuondolewa. Inahitaji kupewa njia. Wapo wasimamizi wanaoanza zamu kwa kusema, "Leo nani ameona kitu kinachomtia wasiwasi? Juma, wewe uliyekuwa na zamu ya usiku, tuanzie kwako." Mkubwa akiuliza kwa jina, mdogo akijibu anatii, hajamvunjia mtu heshima. Kwa uzoefu wangu sentensi hiyo inafanya kazi kuliko sanduku la maoni, ambalo mara nyingi funguo yake haijulikani iko kwa nani.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi: ajira. Saiti nyingi za ujenzi zinaendeshwa kwa vibarua wa siku, chini ya mkandarasi mdogo, ambaye yuko chini ya mkandarasi mkuu. Saidia fundi asiyejua kama kesho ataitwa hawezi kuwa jicho lako la usalama. Ameona jukwaa linayumba, amenyamaza, kwa sababu anayemlipa jioni ndiye aliyelifunga jukwaa hilo. Baharia wa Carl Vinson alikuwa na mkataba. Ukitaka kibarua naye aseme, mtenganishe anayempokea taarifa na anayempa hela, na umlipe siku yake kamili pale kazi inaposimamishwa kwa sababu ya alichokisema. Bila hilo, usiseme mna timu makini.

Mfumo mwepesi

Njia ya tatu ina baba yake, mwanasosholojia Charles Perrow, aliyeandika mwaka 1984 baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, ya tarehe 28 Machi 1979. Hoja yake ilikuwa kali: mfumo ambao sehemu zake zinaingiliana kwa namna zisizotabirika, na ambao hatua moja inaivuta nyingine bila nafasi ya kupumua, utapata ajali hata watu wake wakiwa makini. Kwenye mchoro wake aliiweka reli upande wa mifumo ambayo mwingiliano wake unaeleweka lakini imefungamana sana. Yaani treni ikianza kuserereka, kila mtu anajua kitakachofuata, ila hakuna muda wa kukizuia.

Three Mile Island yenyewe inaonyesha jinsi mtambo na ofisi vinavyochanganyika. Vali ilikwama wazi. Taa kwenye chumba cha udhibiti ilionyesha kwamba amri ya kuifunga imetolewa, wala si kwamba vali imefungwa. Waendeshaji wakaamini maji ni mengi, wakapunguza maji ya dharura, kinu kikaungua kwa sehemu. Lakini Septemba 1977 vali ya namna hiyo ilikuwa imekwama katika mtambo wa Davis-Besse, Ohio, na waendeshaji wake walikosea vilevile kabla ya kuokoa hali. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza vinu waliandika onyo. Onyo likazunguka ofisini, halikuwafikia waendeshaji wa mitambo mingine. Kwa hiyo taa mbovu ilisaidiwa na barua isiyofika.

Mfano wa Dodoma ambao ningependa kila mwenye kiwanda aufikirie ni tangi la mvinyo. Zabibu za Hombolo na Mpunguzi zinapochachuka hutoa kaboni dioksidi, gesi isiyo na rangi, nzito kuliko hewa, inayolala chini ya tangi. Mtu akiingia kusafisha anaweza kuanguka baada ya pumzi chache. Rafiki yake anamuona, anaruka kumtoa, naye anaanguka. Kwenye ajali za matangi, visima na mashimo ya maji taka, mara nyingi wanaokufa ni pamoja na waliokwenda kuokoa. Sheria ya "usiingie bila kibali" haimshikilii mtu anayemuona ndugu yake amelala chini. Timu makini inaweza hata kuongeza hatari, maana watu wanaopendana hukimbilia. Hapa jibu ni tangi linalosafishwa kwa nje, kwa mpira wa maji wenye shinikizo na mlango wa chini, ili pasiwe na sababu ya mtu kuingia. Kama lazima aingie, hewa ipimwe na kupulizwa kwanza, na afungwe mkanda wenye kamba ya kumvutia nje bila mwingine kuingia.

Gharama ya njia hii ni kubwa mwanzoni, na ina mtego. Kila kengele na mashine ya akiba unayoongeza ni sehemu mpya inayoweza kuharibika na kuwachanganya watu. Treni ya SGR inayofika Dodoma tangu Julai 2024, kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, ina mfumo wa ishara unaofuatilia mwendo na kuingilia pale dereva anapopitiliza. Hilo ni jambo zuri sana. Lakini linahamisha kazi ya usalama kwenda kwa fundi wa ishara, wa umeme na wa programu, watu ambao abiria hawawaoni na ambao wanahitaji muda wa matengenezo hata siku ratiba inapobana. Wakati huohuo reli ya zamani bado inategemea zaidi watu kuwasiliana vizuri. Shirika lenye reli zote mbili linahitaji njia zote mbili.

Sasa uchague

Kama muda wenu ukiharibikiwa ni sekunde au dakika, kama kwenye tangi, klorini ya maji, umeme mkubwa au mteremko wa reli, anza na mpangilio wa kazi wenyewe. Tafuta ile njia ya kuegeshea iliyojaa mabehewa: kitu ambacho tayari kipo, kingeokoa watu, ila kimegeuzwa stoo. Mara nyingi ni mlango wa dharura, pampu ya akiba isiyo na mafuta, au kipima gesi kilichofungiwa kabatini kwa bosi. Hii haihitaji bajeti mpya.

Kama mna muda wa saa au siku na kazi inabadilika kila mgonjwa au kila mteja, kama hospitali na karakana, weka nguvu kwenye timu. Lakini usianze na fomu. Anza na nani anaulizwa, nani anajibu, na nini kilimpata wa mwisho aliyesema. Kama wa mwisho alihamishwa kituo, rekebisha hilo kwanza, na watu wakuone ukilirekebisha.

Kama hatari yenu ni ya kupimika na tamaa ndiyo inayowavusha, kama uzito wa mizigo, idadi ya abiria, mwendo na saa za dereva usukani, nenda na sheria kali bila huruma. Ila adhabu imfikie pia aliyepanga ratiba isiyowezekana. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam akitakiwa Singida alfajiri amepewa amri ya kukimbia, hata kama hakuna aliyeitamka.

Kwa miradi ya ujenzi jijini, ambako hatari za aina zote tatu ziko kwenye saiti moja na vibarua ndio wengi, ningeanza na mkataba. Mwenye mradi aandike kwamba siku iliyosimamishwa kwa sababu ya usalama inalipwa, kwa mkandarasi na kwa kibarua, na kwamba mkandarasi mdogo hawezi kumwondoa saiti mtu aliyetoa taarifa ndani ya mwezi huo bila mwenye mradi kuridhia. Kipengele hiki ni aya moja tu. Kinaandikwa kabla ya zabuni kutangazwa, kwa sababu baada ya bei kukubaliwa hakuna atakayekubali kukibeba.